Banjo Niliyoilaza Kifudifudi

Siku ile mwalimu wa muziki aliponiuliza mbele ya wenzangu kama ningeweza kuzijaribu banjo zote zitakazoletwa na kuchagua moja ya kununuliwa na shule, nilipaswa kukataa. Hakunilazimisha. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayekuomba umshikie kitabu. Nikajibu ndiyo upesi, kifua mbele, kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sasa meno yangu yanahesabika, na bado nautafuta ule mlango ambao ningeweza kutokea.

Mwezi uliopita nilikwenda soko la Kadutu, hapa Bukavu, kununua sabuni. Kwenye meza ya vitu vikuukuu, kati ya pasi ya mkaa na redio isiyo na mgongo, nikaona banjo ya kopo. Kijana mwenye meza akaniona nikisimama.

"Papa, beba tu. Ni ya kutundika ku ukuta ya salon."

Mkono wangu haukumsikiliza. Niliinyanyua, nikafumba jicho la kushoto, nikatazama shingo yake kwa urefu kama mtu anayelenga ndege, kisha nikagonga ngozi kwa kidole gumba. Kijana akacheka.

"Ah, kumbe papa unajuaka banjo!"

Nikasema hapana, sijui. Nikairudisha mezani na kuondoka. Yaani, rafiki yangu, hata katika uzee huu nimemkana tena.

Niliyemkana ni kaka yake baba yangu. Baba mkubwa. Wazazi wangu walikuwa wakulima kisiwani Idjwi, na nilipomaliza shule ya msingi walinipandisha kwenye mtumbwi wa injini, na mkungu wa ndizi miguuni, nije kukaa kwake Kadutu ili nisome sekondari. Aliishi na bibi yangu, mama yake, katika nyumba ya mbao iliyoshikilia mlima kama mtoto anavyoshikilia mgongo wa mama. Mvua ikinyesha, njia yetu ilikuwa sabuni. Asubuhi ukungu wa ziwa ulipanda mpaka mlangoni, na kitu cha kwanza ulichosikia, kabla ya jogoo na kabla ya kengele ya kanisa, ni nyundo yake juu ya bati.

Alikuwa fundi wa bati. Alitengeneza majiko ya mkaa, taa ndogo za mafuta, karai, na chochote ambacho mama wa soko angemwomba. Nguo zake zilinuka moshi na risasi ya kulehemu. Nyuma ya nyumba bibi alikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na harufu hizo mbili zikachanganyika hadi leo sijui kuzitenganisha. Kazi yangu ilikuwa kupuliza moto wa mkaa na kunyoosha misumari iliyopinda. Jioni tulikula ugali wa muhogo na mboga za lengalenga, na baada ya chakula baba mkubwa alifuta mikono, akatoa banjo.

Alizitengeneza mwenyewe, moja moja, pasipo haraka. Tumbo lilikuwa kopo kubwa la mafuta ya kupikia, uso ulikuwa ngozi ya mbuzi, nyuzi zilikuwa zile nyaya nyembamba alizozichambua kutoka kwenye breki ya baiskeli. Kwa kupigia alikata kipande cha kitana cha plastiki. Ukitaka kupandisha sauti, ulifunga kipande cha kalamu juu ya shingo kwa mpira wa tairi. Mkanda wa begani ulikuwa mshipi wa zamani, na mfuko wa kuibebea ulikuwa gunia la unga ambalo bibi alilishona.

Alinifundisha kupiga, lakini kabla ya kupiga alinifundisha kununua. "Mupigaji asiyejua kununua," alisema, "ni kama bwana arusi asiyeuliza wakwe." Shingo itazame kwa jicho moja. Nyuzi na mti lazima vikimbie pamoja. Mti ukipinda hata kidogo, achana nayo, maana mti ukianza kupinda hauachi. Kisha gonga ngozi. Banjo nzuri inajibu kama nyumba yenye watu ndani. Halafu, jambo ambalo wanunuzi wengi hawakulijua: usinunue banjo ya ngozi mchana. Jua hukaza kila ngozi, hata mbaya. Nunua asubuhi, ukungu ukiwa bado mlimani, uone uvivu wake wote. Ikiwa imelegea kidogo, ipe moto dakika tano. Ikirudi kuimba, hiyo ni ngozi ya kweli. Muuzaji anayekuambia uje saa sita ana kitu anachokificha. Yeye mwenyewe hakuuza banjo yoyote ila asubuhi.

Alikuwa pia na sheria moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Mpigaji akimaliza kujaribu na akailaza banjo chali, uso juu, maana yake ni: si leo, labda siku nyingine. Lakini mpigaji anayejua kazi akiilaza kifudifudi, uso chini, basi imehukumiwa. Baba mkubwa hakuiuza tena kwa mtu mwingine wala hakuitengeneza upya. Aliivunja, na bati lake likawa kitu kingine. "Mupigaji ameshasema," alikuwa akisema, na bila kinyongo akachukua mkasi. Nilimwona akifanya hivyo mara mbili. Bibi alimcheka. "Weye unasikia watu sana. Sikio haidanganye, lakini mudomo inadanganyaka."

Sasa nikueleze shule. Ilikuwa miaka ya Zaïre. Majina ya ubatizo yalikuwa yamewekwa kando, kila mtu aliitwa citoyen au citoyenne, yaani raia, na kila shule ilikuwa na kundi la animation la kuimba na kucheza mbele ya wakubwa. Nilikuwa mpigaji wa banjo wa kundi letu, kwa banjo ya kuazima. Wenzangu wengi walikuwa watoto wa watu wa ofisi, wanaoshuka kwenye magari wakiwa na viatu vilivyong'aa. Waliponiuliza nimejifunza wapi, niliwaambia nakaa kwa tonton, ami yangu, anayefanya kazi benki, na ana gramafoni. Uongo ule niliutunza kama shati la Jumapili.

Nyumbani nilitaja tu, kwa majivuno, kwamba shule itanunua banjo Jumamosi na kwamba mimi ndiye nitakayechagua. Baba mkubwa alisikia. Aliendelea kugonga. Wiki ile alifanya kazi nyuma ya pazia na akanikataza kuchungulia. Nikadhani ni jiko la mtu.

Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa umeikalia shule nzima, tulikusanyika barazani. Mwalimu alikuwa amevaa abacost yake ya kijivu, ile suti ya Zaïre isiyo na tai. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikwisha kufika na banjo iliyoachwa na mzungu aliyerudi kwao. Ilikuwa ndani ya sanduku jeusi lenye kitambaa chekundu. Uso wake ulikuwa wa plastiki nyeupe, ukiwa umezungukwa na skrubu zinazong'aa kama meno ya mtu tajiri. Pamoja nayo kulikuwa na mkanda wa ngozi, kibano cha chuma cha shingoni, kucha za chuma za kuvaa vidoleni, na pakiti moja ya nyuzi. Wenzangu walisogea kama nzi kwenye asali.

Halafu akaja baba mkubwa, anapanda ngazi na gunia la unga begani. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na viatu vyake vilikuwa na matope ya Kadutu hadi juu. Aliponiona alitabasamu, akafungua mdomo kuniita jina langu.

Nikamwahi. Nikanyoosha mkono kama kwa mgeni. "Bonjour, citoyen."

Mdomo wake ulibaki wazi kidogo. Alitazama mkono wangu, akatazama wale wenzangu nyuma yangu, na nikaona akielewa. Akaupokea mkono. "Jambo, citoyen," akasema. Kisha akafungua gunia.

Kicheko kilianza hapohapo, kwa maana ubavuni mwa kopo rangi ya kiwanda ilikuwa bado inaonekana.

"Eh, muzee! Hii ni banjo ama ni mafuta ya kukaanga sambaza?"

"Angalia vizuri, labda sambaza moja imebakia ndani!"

Baba mkubwa akacheka nao. "Imebakia, lakini inaimbaka," akawajibu, na hata mwalimu akacheka. Mwalimu akaniambia, kwa sauti ya kawaida, maneno ambayo yamenifuata maisha yote: "Mimi ningependa tuchukue ya kwetu. Lakini weye ndiye unajua. Jaribu zote, utuambie."

Nilianza na ya mzungu. Nikafumba jicho la kushoto. Shingo ilikuwa imepinda. Si sana, ila ilikuwa imeanza. Nilijua pia kwamba pakiti ile moja ya nyuzi ikiisha, hakuna duka Bukavu litakalotupa nyingine. Nikaigonga, nikapiga wimbo mfupi. Ililia kwa nguvu, kwa sababu plastiki haijui ukungu. Wenzangu wakapiga makofi.

Nikaipokea ya baba mkubwa. Shingo ilikuwa imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Vigingi vya kukazia nyuzi vilikaa bila kuteleza. Sijapata kushika kazi safi kama ile. Halafu, chini ya kidaraja cha nyuzi, karibu na ukingo, nikaona herufi ndogo alizozichoma kwa msumari wa moto juu ya ngozi. Lilikuwa jina langu, lile lile lililokuwa kwenye daftari la darasa.

Hakuitengeneza kwa ajili ya shule. Aliitengeneza kwa ajili yangu, na alitaka shule iniwekee mkononi.

Nilifunika herufi zile kwa kiganja na kupiga hivyo hivyo. Ngozi ilikuwa imelegea kwa ukungu, kama alivyotarajia iwe.

"Prof, kuko moto?" baba mkubwa akauliza. "Dakika tano tu. Mupigaji anajua."

Mwalimu akanigeukia. "Ni kweli? Ikipata moto itakuwa muzuri?"

Hilo ndilo swali, rafiki yangu. Jibu nililijua tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Jikoni kwa mlinzi wa shule moto ulikuwa unawaka, nilikuwa nauona moshi. Lakini banjo ile ikinunuliwa, kila mtu angesoma jina, na angeuliza fundi wa makopo amenijuaje.

"Hapana, prof," nikasema. "Ngozi imekufa."

Na kwa kuwa nilipaswa kuiweka chini, na uso wake ulikuwa na jina langu, niliilaza kifudifudi juu ya meza. Wengine waliona kijana anayeweka kopo mezani. Wawili tu tulijua nimefanya nini. Baba mkubwa hakunitazama. Aliinyanyua kwa mikono miwili, akairudisha guniani, akamsalimu mwalimu, akashuka ngazi. Mmoja wa wenzangu akamfuata kwa sauti: "Muzee, usisahau sambaza yako!" Nami nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

Niliporudi nyumbani mchana alikuwa ameketi mbele ya jiko la mkaa na mkasi. Nyuzi alikwisha kuzikata. Alizunguka ngozi kwa mkasi taratibu mpaka ikatoka nzima, akaiweka juu ya moto, moto ule ule wa dakika tano. Ilijikunja, ikanuka, ikaisha. Nilisema, "Baba mukubwa, haikuwa mbaya." Akajibu bila ukali, "Mupigaji ameshasema." Kopo akalifanya kipimo cha unga, akampa bibi. Bibi alipimia ugali wetu kwa kopo lile kila jioni, naye hakumcheka tena mwanawe.

Banjo ya mzungu ilipinda zaidi msimu wa mvua. Nyuzi zilikatika, pakiti ikaisha, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa juu ya kabati la mwalimu ndani ya sanduku lake zuri. Wakati huo nami nilikuwa nimeacha kupiga. Kila nilipofumba jicho kutazama shingo ya banjo, nilimwona mtu anashuka ngazi.

Leo nyumba ile haipo; mlima uliporomoka na mvua ukaichukua. Hakuna tena fundi Kadutu anayekuambia uje kununua asubuhi ili uone ubaya wa bidhaa yake. Baba mkubwa hakutengeneza banjo nyingine. Aliendelea kunilisha, kunilipia shule, kunishonea begi. Hakuninyima kitu ila kimoja. Tangu Jumamosi ile hakuniita jina langu. Aliniita citoyen, kwa adabu, mezani, mlangoni, mbele ya bibi na mbele ya wageni. Mwanzoni nilidhani ni adhabu na kwamba itapita. Baadaye niliogopa kwamba haikuwa adhabu, kwamba aliamini ndivyo ninavyotaka.

Alipougua miaka tisa baadaye, nilikaa kando ya kitanda chake, nikamshika mkono ule wenye alama za risasi ya kulehemu. Nikamwambia, "Baba mukubwa, ni mimi." Nikalitaja jina langu mwenyewe ili alirudie.

"Ndiyo, citoyen," akasema. "Nakuona."

Akafa hivyo. Nilikuwa na mtu mmoja duniani aliyenifanyia kazi bora ya maisha yake na kuandika jina langu juu yake, nami nikaihukumu kwa uongo ili watoto wa ofisi wasinicheke. Uongo ule ulinigharimu muziki wangu, ukamgharimu yeye ufundi wake wa banjo, na sikulisikia tena jina langu likitoka mdomoni mwake.