Nilivyopepeta Mchele Kwenye Kioo cha Kijivu

Mimi shule niliishia la tatu. Lakini mjukuu wangu wa kike anafufua mashine zilizokufa, na hilo nitalisema hata kwa asiyeniuliza. Ana kibanda Kilosa mjini, anatengeneza redio na simu. Humo ndimo alimoleta dubwana moja la zamani la kuonyeshea picha, lililotupwa na ofisi ya shamba la mkonge: kioo kinene, kisogo kimetokeza nyuma kama furushi la kuni, na rangi halizijui. Linajua nyeupe, nyeusi, na majivu ya katikati.

Wakati wa mavuno alikuja kwangu Tindiga, akanikuta napepeta mchele. Akanipiga picha kwa simu, moja baada ya nyingine, huku namfokea kwamba pumba zitamwingia machoni. Kumbe anazitaka zote. Akaziondoa rangi, akazipanga, akaliamuru dubwana lizitoe mfululizo, ili macho yadanganyike yaone mtu anajongea. Mwanzoni lilichora polepole kama mzee anayevaa shati: kichwa, unasubiri, kifua, unasubiri. Akazipunguza picha zikawa ndogo kama sahani. Hapo likakimbia! Nikajiona narusha ungo, mchele unapanda, unashuka, pumba zinaruka kama moshi. Zikiisha, zinaanza upya. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Bibi, hii nitaionyesha kwenye sendofu yangu," akasema. "Wakwe zangu waone kazi yangu, na wakuone na wewe."

Sherehe hiyo ya kumuaga ilifanyika Mikumi, kwa mwanangu, yaani baba yake. Dubwana likawekwa mezani chini ya turubai, likazungushiwa khanga ili mwanga wa mchana usilizidi. Likawashwa. Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja amejifunga kitenge kipya, akatikisa kichwa, akawainamia wenzake.

"Masikini. Bibi huyu alifariki lini?"

Mimi nimekaa nyuma yake, mkono umejaa pilau.

"Nasubiri nimalize kula," nikamwambia.

Akaruka kama kaona nyoka. Badala ya kuona haya, akapandisha sauti: picha isiyo na rangi ni ya tanzia, kumwonyesha mtu hai hivyo ni uchuro, na wao hawataki mkosi kwenye harusi yao. Mwanangu akaja mbio.

"Mama, tuzime tu. Tusiwaudhi wakwe."

"Zima kwanza hicho kipaza sauti chako kinachonipasua kichwa tangu asubuhi."

Mjukuu wangu alikwisha kushika waya auchomoe. Kazi ya mikono yake ing'olewe kama kitu cha aibu, mbele ya watu anaokwenda kuishi nao? Sikukubali. Nikanawa, nikaenda kusimama mbele ya yule shangazi. Kwa umri ningeweza kumzaa.

"Wewe, mbona hujaniamkia?"

"Aa, bibi, mimi nilidhani..."

"Ulidhani mimi marehemu. Marehemu haamkiwi. Haya, kama bado ni marehemu, kaa kimya waya utolewe. Kama niko hai, niamkie, watu wote wasikie."

Turubai zima lilimtazama. Kumnyima mzee shikamoo mbele ya wakwe ni aibu ambayo kitenge hakiifuniki, hata kiwe kipya vipi. Akainama kidogo, meno ameyabana.

"Shikamoo, bibi."

"Sauti, mwanangu! Masikio yangu yametoka kaburini."

"Shikamoo!"

"Marahaba! Uchuro wako umekwisha." Nikamgeukia mjukuu wangu. "Na wewe, achia huo waya."

Akauachia. Shangazi akahamishia kiti chake kule kwenye masufuria, hiari yake. Bwana harusi akanyanyuka mwenyewe, akachuchumaa kando ya mchumba wake, akamwuliza mwendo unaongezwaje. Akamwonyesha. Pale kwenye kioo nikaanza kupepeta kama mtu anayefukuzwa.