Shangazi Veneranda na Mguu Wake wa Kushoto

Kwenye ukoo wetu hakuna mtu ambaye hajasafiri kwenye buti la Shangazi Veneranda. Sio adhabu jamani, buti ndiyo ilikuwa VIP. Gari yake ilikuwa stesheni wagoni nyeupe, ndefu nyuma kama hotuba ya mgeni rasmi, na sisi tuliiita Kiberenge. Wakubwa walikaa kwenye siti kama watu wastaarabu. Sisi watoto tulijazana buti, tumegeukia kioo cha nyuma. Ukipanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, wenzako mbele wanauona mji, wewe unauona mto na maroli yanabaki chini, yanakuwa madogo mpaka unahisi unaweza kuyaweka mfukoni.

Shangazi ni dada yake baba, Mhehe wa Iringa kabisa. Alikuwa dereva kule Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, enzi ambazo mwanamke akishika usukani watu wanaacha chai wanatoka nje kuangalia. Kiberenge aliinunua kwa jasho hilo. Ilibeba matranka ya shule ya binamu zangu wote, ikabeba kinanda cha kwaya na maharusi wawili. Siku moja ilibeba ndama, tena alilala kimya kuliko sisi.

Na alivyokuwa anaiendesha sasa! Akikaribia mlima anashusha gia kabla injini haijalalamika. Ukimuuliza umejuaje, anakujibu, "Nimeisikia inavuta pumzi." Sisi hatusikii kitu, tunasikia tu bibi mmoja anacheza na gia huku anatabasamu peke yake.

Pasaka ya mwaka huu akaja kwetu Mbeya. Alipofika Uyole, kwenye foleni, goti la kushoto likagoma kukanyaga klachi. Likagoma kabisa. Akaja na gia ya pili hiyohiyo mpaka nyumbani Mwanjelwa, mkono kwenye honi, bodaboda wanampisha kama msafara wa mkubwa. Gari ikazimika getini. Akashuka jasho linamtoka, akasema, "Hamjambo? Kuna chai?"

Daktari aliliangalia lile goti akasema klachi basi. Ndipo mwanawe Philbert, anayeuza simu Kabwe, akamuweka kikao.

"Mama, chagua. Uchukue gari ya otomatiki, au nikutafutie dereva."

"Dereva wa nani?"

"Wako."

"Mimi ndiye dereva," Shangazi akasema, taratibu, kama mtu aliyeambiwa abadilishe jina.

Philbert akaleta gari ndogo ya bluu, otomatiki, mkia umekatwa hapohapo baada ya siti. Wazee wa magari mnaita hatchback. Mimi nikaibatiza Kidonge. Mpango ukawa hivi: Philbert aendeshe Kiberenge mpaka Rujewa, kwa Shigela, Msukuma mmoja mkulima wa mpunga ambaye ameitamani hiyo gari miaka. Shangazi aje na Kidonge, mimi, Tumpe, pembeni yake, halafu tuendelee nayo mpaka kwake Iringa.

"Nikifika Rujewa ndio nitasema," Shangazi akatangaza. "Hii ikinishinda, nakubali dereva. Nitakaa nyuma nishike pochi."

Alivyolitamka lile neno pochi, hakuna aliyecheka.

Kupakia tu ilikuwa sinema. Kwenye Kiberenge gunia unalilaza pembeni, unalisukuma, linateleza ndani. Kidonge ina ukingo mrefu mlangoni, lazima unyanyue. Tulikuwa na gunia la mchele wa Kyela, mkungu wa ndizi na sufuria la shughuli.

"Angalia Mama, siti inalala," Philbert akasema, akavuta kitu, nusu ya siti ya nyuma ikalala chini. Tukanyanyua. Mgongo wangu bado unadai.

"Si limeingia?" Philbert akauliza, anahema.

"Limeingia kwa kubembelezwa."

Ila mimi nilikuwa timu Kiberenge na haki ya Mungu nasema ukweli: vitu vyote viliingia, na nafasi ya mtu mmoja ikabaki.

Shangazi akabonyeza kitufe. Skrini ikawaka, mwanamke akaongea Kijapani, kwa heshima kweli.

"Kamwene, mama," Shangazi akamjibu kwa salamu ya Kihehe. Halafu akanigeukia. "Anasemaje?"

"Hata sisi hatujui Shangazi. Kwenye ramani inaonyesha tupo baharini."

"Basi anatuombea."

Akaweka rivasi, kuku wa mama wakatokea kwenye skrini. Akashangaa kidogo, halafu akageuza shingo akaangalia mwenyewe vilevile. Teknolojia imeonwa, imepokelewa, imewekwa pembeni.

Shida ikaanza Uyole tena. Gari ilipochanganya mwendo, mguu wake wa kushoto ukatoka wenyewe kwenda kutafuta klachi. Ukakuta breki. Nyie! Ndizi zilikuja mbele kutusalimia. Bajaji nyuma yetu ikapiga honi mpaka ikakauka, dereva wake akatoa kichwa.

"We bibi, hiyo gari au mbuzi?"

Mbele kidogo, hivyohivyo tena. Shangazi akapaki pembeni, akazima. Akakaa anaangalia ile miguu yake miwili kama wanafunzi waliochelewa. Nikajua imeisha, tunampigia Philbert arudi. Yeye akavua kiatu cha kushoto, akanipa.

"Kaa nacho."

Akaurudisha mguu nyuma, chini ya siti kabisa. "Wa kazi ni mmoja. Huu mwingine umestaafu."

Tukafika mteremko wa Inyala, maroli mbele, maroli nyuma.

"Hii gari haina adabu," Shangazi akasema. "Inateremka kama imetumwa."

"Kanyaga breki Shangazi."

"Breki ni ya kusimamia. Mteremko unashikwa na gia. Gia iko wapi humu?"

Mimi, mtaalamu wa mitandao, nikatoa simu kutafuta. Network hamna. Yeye akachungulia herufi kwenye kile kifimbo, akakivuta chini hatua moja. Injini ikanguruma, gari ikajishika, roli la mbele likaacha kutukaribia.

"Ohoo! Kumbe ina kifua!"

Akakirudisha juu. Akakivuta tena. Kona ya pili alikivuta kabla hata hatujaifikia, na lile tabasamu la Ipogolo likatoka, lile nililokuwa naliona kwenye kioo cha ndani kila nilipogeuka kule buti. Nikaangalia dirishani. Vumbi liliniingia machoni, msianze.

Kule Rujewa, Shigela alikuwa anatusubiri, kofia mkononi.

"Mayu, mama yangu, mnapita kwetu Usangu na mchele wa Kyela? Mnatutukana?"

"Wenu nitakula nikikosa," Shangazi akamjibu.

Halafu akaenda kwenye Kiberenge, mguu mmoja peku, akakaa kwenye siti ya dereva. Akakanyaga klachi. Ikashuka nusu. Mguu ukaachia. Akajaribu tena, ukaachia.

Akashuka, akampa Shigela funguo. "Gia ya pili usiilazimishe. Isindikize."

Shigela akaondoka, na ya pili akailazimisha. Shangazi akafumba macho. Alipoingiza ya tatu, akafumbua.

Philbert akaja upande wa dereva wa Kidonge. "Nipe funguo Mama. Kutoka hapa mpaka Iringa ni mbali."

"Funguo ipi? Si umesema hii inabonyezwa?"

"Mama..."

"Panda nyuma baba, ukae na mchele."

Alikaa, magoti kidevuni. Tukaingia lami mbele ya semi-trela, kwa kasi ya kutosha.

"Mama, taratibu!"

"Si ulisema ina airbag?"

Tulikuwa karibu na Makambako Shangazi alipokumbuka kitu. "Tumpe, mpigie Shigela. Mwambie mlango wa buti haufungiki kwa mkono, ausukume na kiuno."

Nikaweka spika. Shigela alicheka. "Mayu, nimeshagundua. Kuna watoto watatu humo buti wameniambia hawashuki."

"Wanaangalia wapi?"

"Nyuma."

"Waache," Shangazi akasema. Akavuta kile kifimbo chini, tukaanza kupanda.