Kitambaa Cheupe cha Koko

Harufu ya majani ya mpera yakichemka hunipandisha hasira mpaka leo. Juzi ilinikuta kwenye kliniki ya meno huku Nyamityobora, mjini Mbarara. Daktari kijana alinipa maji ya kahawia nisukutue, akaniambia taratibu kwamba yanasaidia kupunguza ukoga, ila nisije nikaacha mswaki. Nilitaka kumuuliza, wewe umeyajua lini hayo? Koko wangu alinifundisha kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale nikiwa na miaka tisa, na akatukanwa kwa ajili ya majani hayo.

Koko, yaani mama yake mama, alitoka Kivu Kusini na sufuria moja na ubishi mwingi. Kila asubuhi alichemsha majani ya mpera na chumvi kidogo, lakini hukuruhusiwa kuyagusa kabla ya ukaguzi. Alijiviringishia kitambaa cheupe kidoleni, akakusugua meno. Kikitoka na umanjano, unarudi kwenye mswaki, hata kama wenzako wameshaondoka kwenda shule.

"Sukula meno kwanza," alisema, na kusukula kwake ni kuosha. "Maji ya mapera inakuya nyuma, haisukule yenyewe."

Kuna wiki alikwenda Rugaaga kufanya vibarua vya kulima. Mama alibaki na kazi ya sufuria, ila muda wa kukagua hakuwa nao. Nami, mvivu wa kutupwa, nikaacha mswaki kabisa, nikawa nasukutua tu na kujisifu kwamba kinywa kinanukia. Siku koko aliporudi, muuguzi mmoja alikuja shuleni kutazama meno. Akaukuta ukoga wangu umeganda, akauliza nasafishia nini. Ningeweza kusema kweli. Nikasema ni majani ya koko.

Alinipeleka hadi nyumbani, nusu ya majirani wakitufuata. Alimsemesha koko kama anayefukuza kuku.

"Wewe mzee, hii majani yako inaharibu watoto. Mwaga."

Koko alinitazama mimi, si yeye. Kisha akaimwaga sufuria pale mlangoni. Watu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka kuliko wote.

Walipotawanyika, alitoa kitambaa mfukoni, akanisugua meno. Kikatoka cha manjano. Akanionyesha, akakikunja na kukitia sandukuni. Hakuchemsha majani tena mpaka alipofariki.

Yule muuguzi nilimchukia miaka mingi, na bado simpendi. Angeuliza swali moja tu, angejibiwa vizuri. Nilimkasirikia hata koko. Mwanamke aliyebishana na kila mtu, kwa nini siku ile alinyamaza? Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, na hasira yote imenirudia mimi. Kitambaa kilikuwa kwenye mfuko wa gauni lake muda wote ule. Angenisugua meno mbele ya majirani, aibu ingehamia kwangu palepale.

Alisubiri waondoke.