Mtoto Aliyeachwa Nje ya Daftari

Nilipomaliza darasa la saba nilichaguliwa kwenda sekondari, na wiki ileile nikaambiwa kwamba mimi si mtoto wa nyumbani kwetu. Hivyo ndivyo lilivyosema daftari la kijiji. Katibu alilifungua mbele yangu, akashusha kidole kwenye ukurasa wa kaya yetu: baba, mama, kaka zangu, dada, mdogo wetu. Akafika chini, akarudi juu, akashuka tena.

"Hupo," akasema.

"Shuleni nipo, ndugu katibu. Miaka yote nimekuwapo."

"Shule wana daftari lao. Mimi nina hili. Siwezi kumpigia muhuri mtu ambaye hayupo."

Fomu ya sekondari ilitaka kijiji kithibitishe kwamba ninatoka katika kaya ya pale, kwa sababu walikuwapo watu walioleta watoto wa mbali kuchukua nafasi za wengine. Ilipaswa kufika Singida mjini kabla ya siku ya gulio. Njia ya kurekebisha ilikuwa moja tu: mzazi aliyetoa maelezo tulipoandikishwa aje mwenyewe, awataje watoto wake wote upya, jumla yao iandikwe chini, naye aweke dole gumba pembeni ya jumla hiyo.

Nyumbani kaka yangu mkubwa alicheka mpaka akaangusha jembe. "Nilijua! Wewe ulianguka kwenye lile lori lililotuhamisha. Tukadhani ni gunia la uwele, tukakubeba."

Mama alikuwa akipepeta. Hakucheka. Ungo ulisimama mikononi mwake, makapi yakabaki yamelala juu ya nafaka.

Kwetu watoto hawahesabiwi. Hata ng'ombe, mchungaji anayejua kazi yake hawahesabu. Husimama mlangoni mwa zizi akatazama rangi zikipita: mwekundu yupo, mwenye baka yupo, yule wa pembe iliyopinda yupo. Akimaliza rangi zote, hufunga zizi. Mama alitutazama hivyohivyo kila jioni tulipokaa kuzunguka ugali. Nilidhani anaangalia nani ananawa na nani hanawi.

Siku balozi wa nyumba kumi alipopita na karatasi zake, vumbi la kuhamia kijiji kipya likiwa bado kwenye mablanketi yetu, baba alikuwa mbugani na mifugo. Aliyejibu ni mama.

"Ni mimi niliyekuacha," aliniambia nilipomfuata nyuma ya nyumba. Tukiwa wawili alisema Kinyaturu, na kwa Kinyaturu hakuwahi kuzungusha maneno. "Kabla ya uhuru alipita karani, akauliza nina watoto wangapi. Nilikuwa bado kijana, niliona fahari. Nikamhesabia wote. Kabla hatujavuna, mmoja akaondoka."

Kaburi la yule aliyeondoka nililijua. Sikujua habari za karani.

"Kwa nini mimi, mama? Kwa nini si mwingine?"

"Ulikuwa na kifua kibaya mwaka ule. Mbegu huiweki ghalani pamoja na chakula. Unaificha pembeni, ghala likiungua ibaki."

Nilisimama pale nikiwa na hasira na aibu, na chini yake kitu kingine ambacho sikukijua jina. Nilikuwa nimefundishwa kwamba imani kama hizo ni za zamani. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini niliiona mikono yake, nikasema tu, "Basi nisiende."

"Nani amesema usiende?" akauliza, akachukua ungo wake.

Asubuhi alivaa kanga yake ya kutokea, tukaenda. Katibu aliinuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya huyu."

Alipoanza kutaja, alitutaja mmoja mmoja kwa vituo, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Baada ya kila mmoja aliangalia nje kupitia mlangoni, kisha akaendelea. Mimi alinitaja mwisho. Katibu aliandika bila kuweka namba pembeni. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba na yeye ni wa kwetu, mama yake alikuwa akituuzia kuku.

"Sasa jumla, mama."

"Hiyo sina."

"Mama, fomu inataka."

"Macho unayo, mwanangu. Karatasi iko mbele yako. Mimi nimekuja kutaja, sikuja kuhesabu."

Katibu alishika kalamu juu ya kile kisanduku kitupu. Haikushuka. Alikohoa, akalifunika eneo lile kwa kiganja, akamsogezea mama wino. Mama aliweka dole lake pembeni ya kiganja cha katibu, akalifuta kwenye ncha ya kanga, akatoka nje bila kuaga.

Katibu akanigeuzia daftari. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema kwa sauti ya chini. "Jaza."

Nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Ile ilikuwa hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza, na jasho lilinitoka. Nikaandika. Muhuri ukapigwa.

Tulipokaribia kisima, mama alinigeukia. Hakuuliza kama muhuri umepigwa.

"Nani aliyeandika?"

"Katibu," nikasema.

Akashusha pumzi. "Vizuri. Yeye ni serikali, balaa halimpati."

Nilikwenda sekondari na uongo huo, na sijawahi kuurekebisha. Huko, barua kutoka nyumbani zilipokuja, wenzangu waliruka salamu wakatafuta habari. Mimi nilianza na salamu, zile ndefu ambazo kaka aliziandika chini ya ukurasa kwa mwandiko wa kubanana: kaka wa pili anakusalimu, dada anakusalimu, mdogo wako anauliza utarudi lini. Nilizipitisha moja moja, kama rangi za ng'ombe mlangoni. Ya mwisho ilipopita, ndipo niliporudi juu na kuanza kuisoma barua.