Uzi Mnene Niliouacha Umelegea

Mwezi wa nane mwaka wa 1981 nilimpoteza mke wangu. Homa ilimshika siku chache tu, akafia nyumbani kwetu Chechelesi, na tukamzika siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Kabla ya kwenda makaburini niliingia chumbani nikalegeza nyuzi zote za kabani yangu, ile ala yenye tumbo la mbao kama kibuyu kilichopasuliwa katikati. Ndivyo alivyonifundisha mjomba aliyenipa. Nyumba ikiwa na msiba, nyuzi hulegezwa, zisije zikaguswa kwa bahati mbaya zikatoa wimbo.

Tulikuwa tukipiga harusi pamoja, mimi na yeye. Mimi nilishika nyuzi, yeye aliwaongoza wanawake kuimba na kupiga makofi. Matanga yalipokwisha, ndugu yangu mkubwa, mwenye lori la kubeba ng'ombe, alikuja akakaa mbele yangu.

"Umemzungusha yule mama kwa harusi za watu mpaka akachoka akafa," alisema. "Hiyo kabani imetosha. Ijumaa nakuja kuichukua."

Sikubisha. Nilisema sawa.

Alhamisi mwalimu mmoja wa shule alinialika. Kulikuwa na wageni watatu kutoka Ulaya, wapiga fidla, waliokuwa wakipita kuelekea kaskazini, na alasiri wangepiga katika ukumbi wa shule. "Ni muziki wao wa sasa," alisema, "si ule wa zamani wa makanisani." Nilikwenda kwa sababu sikutaka kushinda nyumbani nikiitazama kabani ukutani.

Ukumbi ulijaa. Walikuwapo wenye maduka, wanafunzi, na wachungaji wa mifugo waliotoka mnadani na fimbo zao. Wageni wakaanza. Niseme ukweli, sikuelewa. Mmoja alikuwa akikwaruza ubao wa fidla badala ya nyuzi. Mwingine alipiga mara moja, akanyamaza muda mrefu kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Dereva niliyekaa naye alinigusa kwa kiwiko.

"Warya, we bwana, wewe ni fundi wa nyuzi. Hawa wameanza ama bado wanapima?"

"Wameanza."

"Basi mimi nimemaliza." Akainuka akaondoka, na nusu ya benchi letu ikamfuata ikicheka.

Kisha mmoja wao, mwanamke mwenye fidla kubwa, ile inayosimamishwa kati ya magoti, akaushika msumari wa kukazia na kuulegeza uzi huku akiendelea kupiga. Sauti ikashuka, ikaanza kukoroma.

"Mama, kamba imekuachia!" mtu akapaza sauti mlangoni. "Peleka kwa fundi wa baiskeli!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa maana sauti ile niliijua. Wakati wa matanga mpwa wangu alikuwa akifagia chumba, ufagio ukaigusa kabani, na ule uzi mnene uliolegea ukakoroma vilevile. Siku ile nilitoka nje kwa aibu kwa sababu niliupenda mlio ule. Nyumba ilikuwa imejaa watu wanaoniambia nivumilie, na huo uzi peke yake ndio haukuniambia hivyo.

Yule mwanamke hakuinua kichwa. Hakuharakisha, wala hakutabasamu ili wamhurumie. Aliulegeza tena, watu wakazidi kutoka, akapiga mpaka mwisho mbele ya viti vitupu. Hakuwa akiomba ruhusa ya mtu.

Walipomaliza, mwalimu alinipeleka kwa yule mwanamke akawa mkalimani.

"Anauliza kama umependa."

"Mwambie sikupenda, isipokuwa pale alipolegeza uzi. Na mwambie amefanya vizuri kutoacha."

Mwanamke akasikiliza, akacheka, akanipa mkono.

"Anasema hata mama yake hapendi," mwalimu akasema.

Ijumaa, baada ya swala, niliitoa kabani ukutani nikakaa mkekani mlangoni, watu wanapopita. Nilikaza nyuzi zote isipokuwa ule mnene. Nikapiga wimbo wa harusi aliokuwa akiuanzisha mke wangu, polepole, uzi ule ukikoroma chini ya wimbo. Jirani akasimama njiani.

"Astaghfirullah! Mtu bado ana msiba!"

"Ndiyo, ninao," nikamjibu, nikaendelea.

Ndugu yangu akafika na lori lake.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam."

"Nipe hiyo kitu."

"Sikupi."

"Si ulikubali?"

"Nilikubali, na sasa nimekataa. Yeye hakufa kwa harusi. Alikufa kwa homa, na wewe unajua."

Alisimama akiniangalia vidole.

"Na hiyo kamba moja mbona imelegea? Unapiga vibaya."

"Hiyo itakaa hivyo."

Akaomba maji. Nilimletea, kabani ikiwa kwapani. Akanywa akiwa amesimama, akanirudishia kikombe, akapanda lori akaenda.