Gari Lililokaa Eda

Nilipotoka eda, kila mtu alikuwa ameshaniandalia ushauri. Jinsi ya kuvaa, jinsi ya kuhuzunika na, la muhimu kuliko yote, jinsi ya kuachana na gari la marehemu mume wangu. Muda wote niliokaa ndani, gari nalo lilikaa eda yake uani kwetu Mitwero, limefunikwa turubai. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilitoka kimya. Lenyewe, siku nilipoliwasha, lilitoka likigonga ta-ta-ta-ta-ta mpaka kuku wakatawanyika, na jirani akachungulia ukutani kuuliza kama nimefungua kiwanda.

"Injini imekufa hiyo," akasema shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Alisema kwa huzuni ya mtu ambaye ameshajua pa kuipeleka maiti.

Familia ikakaa. Ikaamuliwa kwamba Jumapili kuna kikao nyumbani kwa shemeji, Kitomanga. Nikifika na gari likiwa zima, ni langu. Likishindikana, shemeji alichukue akaliuze spea. Mbele ya watu nikasema hewala, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Gari ambalo mume wangu alikuwa akilifuta vumbi kila asubuhi kama mtoto anayepelekwa madrasa, leo lichinjwe vipande vipande? Thubutu!

Nikamwita fundi. Mheshimiwa alisimama kwa mbali, hata boneti hakufungua, akatamka neno moja: "Oveholi," yaani injini yote ifumuliwe. Fundi huyu ukimwambia taa ya nyuma haiwaki, atakwambia oveholi. Nikamshukuru kwa elimu yake, nikamsindikiza getini.

Mimi ni fundi cherehani. Magari siyajui, ila chuma kinacholalamika nakijua. Na mume wangu nilimwona mara nyingi akisikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Nikafanya vivyo hivyo. Chini, oili inapokaa, palikuwa shwari. Juu, kwenye mfuniko wa vali, lahaula! Ni kama mtu alikuwa akinigonga ndani ya sikio. Ingekuwa ni beringi za chini, mlio ungekuwa mzito na ungetoka tumboni. Huu ulikuwa mkavu, wa juu juu. Zilikuwa tapeti, vile vyuma vidogo vinavyosukuma vali. Na tapeti za gari lile hazirekebishwi kwa spana, hujazwa na oili yenyewe ili zisiache nafasi. Oili isipofika vizuri, zinabaki na hewa, na hapo ndipo zinapogonga.

Sasa kwa nini isifike? Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka na kitu cheusi, kizito, sikujua kama nikipime au nikipake kwenye mkate. Nikampigia shemeji simu, maana muda wote wa eda funguo alikuwa nazo yeye.

"Ah, niliongezea ile ya trekta," akajibu kwa fahari. "Gari zee linataka oili nzito, shemeji. Na kila Ijumaa nikishaswali hapo mjini nilikuwa napita kuliwasha kidogo, halafu nazima, lisije likalala sana."

Mungu ampe nini! Nilikuwa nalisikia kutoka chumbani kila Ijumaa, nikijisemea afadhali kuna anayetujali. Kumbe anaiwasha injini, haijapata moto anaizima, uchafu wote unabaki ndani unagandana na ile lami yake ya trekta.

Ugonjwa huo naujua vizuri. Kila wiki naletewa cherehani ambayo mwenyewe ameitia mafuta ya nazi, kwa mapenzi. Mafuta yanaganda, cherehani inagoma, mwenyewe anataka kuiuza. Dawa ni kusafisha, kutia mafuta mepesi na kuzungusha polepole bila hasira. Basi nikamwaga ule uji. Nikabadilisha filta, nikatia oili nyepesi, ileile iliyoandikwa kwenye mfuniko wa injini, maandishi ambayo wajuaji wetu wote hawakuwahi kuyasoma. Nikawasha, nikakanyaga mafuta kiasi, nikashikilia hapohapo. Ta-ta-ta-ta. Jirani akaja kuuliza kama kiwanda kinaajiri. Oili ikageuka nyeusi, nikaimwaga, nikatia nyingine. Kelele zikapungua, lakini hazikuisha.

Jumapili nikaondoka hivyohivyo, roho juu. Mpaka Mchinga zilikuwa zinagonga tapeti mbili tatu, kisha ikabaki moja, kaidi kama ukoo mzima wa shemeji. Halafu nikasikia matairi. Nikasikia upepo dirishani. Nikapunguza mwendo nisikilize vizuri: injini haina neno. Nikalia palepale barabarani, kwa sauti, maana sasa hapakuwa na kelele ya kunifunika.

Kitomanga niliwakuta wazee barazani wamegeukia kahawa, na shemeji anawatuliza: "Msiwe na wasiwasi, akija tutamsikia tangu kule barabarani."

"Shikamooni," nikasema nyuma yao.

Mzee mmoja akajimwagia kahawa. Shemeji akainuka, akaenda mpaka kwenye gari, ambalo nililiacha likiunguruma kwa chini makusudi. Akaweka kiganja juu ya boneti. Mimi nilikuwa nimeshapanga maneno yangu njia nzima, makali, moja baada ya jingine, nasubiri tu ageuke.

Akageuka, macho yamejaa machozi.

"Linalia vile vile kama alipokuwa akiliendesha yeye," akasema. "Zile Ijumaa, shemeji, sikuwa na shida ya kulipasha moto. Nilikuwa nataka tu kulisikia, nijidanganye kwamba karudi."

Nilitamani kumchapa na nilitamani kumkumbatia.

"Basi njoo kila Ijumaa," nikamwambia. "Ila ukiliwasha, liendeshe mpaka Mchinga ndipo urudi. Ukilizima bila kupata moto, Wallahi nitakuua."

Akacheka huku anajifuta kwa mkono wa kanzu. Kikao hakikukaa tena. Tulikula, nikarudi na gari langu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilikuwa kwenye cherehani. Nilisikia geti tu. Injini sikuisikia. Nilipochungulia uani palikuwa patupu, turubai limekunjwa vizuri pembeni. Nikarudi kushona, nikajikuta kila mara nasimamisha mguu na kutega sikio, nikilisubiri lirudi nyumbani.