Maneno Yaliyopewa Jembe

Wiki jana nilishuka kijijini Theta kumwona jirani yetu wa zamani, na pale lilipokuwa boma la nyanya yetu nikakuta geti jeusi na vyumba vya kupangisha. Nilikasirika, ingawa ni sisi wenyewe tuliouza shamba.

Cucu, ndivyo tulivyomwita nyanya, alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Kitu kigeni kikiingia kwake, hakitumiki mpaka kipewe jina la Kikuyu. Kiliwekwa mezani kikafunikwa kitambaa, nasi wajukuu tukakaa juu ya magunia, tukipukuchua mahindi na kubishana. Simu ilikuwa thimu tangu zamani, na hospitali thibitari. Hayo yalikuwa mepesi. Jiko la gesi lilitushinda Jumamosi nzima, githeri ya mahindi na maharagwe ikichemkia kwenye kuni kama kawaida, hadi binamu yangu akasema "mwaki wa mutungi", yaani moto wa mtungi. Cucu akacheka, akavuta kitambaa, na jioni hiyo tukanywa chai isiyonuka moshi. Mimi sikuipenda.

Usidhani alichukia maneno ya kuazima. Alisema neno ni mgeni kama mgeni mwingine: siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenye duka la vitambaa mjini Thika, Mhindi aliyejua Kikuyu kutushinda sisi, alipenda kumchokoza kwamba chapati ni ya kwao.

"Ilizaliwa kwenu," cucu alimjibu, "lakini imeolewa kwetu, na mahari mlishakula."

Nilikuwa darasa la saba aliporudi kutoka hospitalini na ugonjwa ambao daktari aliutaja kwa Kiingereza tu. Mjomba, kwa mazoea, akamwuliza mama yake, "Maitu, hii tutaiita aje?" Tuliacha mahindi, tukangoja.

"Huo msiupe jina hapa," cucu akasema. "Ukipata jina utajiona wa nyumbani."

Basi hatukuupa. Tulisema "ile kitu" tu. Kwa akili yangu ya utotoni niliamini kwamba tukinyamaza sote, ungechoka na kwenda zake. Binamu yangu alipolitamka neno la daktari jikoni, nilimzaba kofi, na hakuna mkubwa aliyenikemea. Lakini ugonjwa haukwenda. Ulikaa naye hadi ukamchukua.

Leo kwangu, mtaani Ngoingwa, kumejaa vitu vyenye majina yale yale ya dukani, na wanangu hawaoni kasoro. Siwalaumu. Desturi ile haikufia mikononi mwao. Najua siku ilipokufa. Ilikuwa wiki chache baada ya mazishi, mjomba alipoleta friji nyumbani kwa cucu. Aliichomeka ukutani, ikaanza kunguruma, shangazi akatia maziwa ndani. Nilisimama mlangoni nikingoja mtu aulize itaitwaje. Hakuna aliyeuliza. Kaburini sikuwa nimelia, nililia pale.